Viatu Mlangoni kwa Mabanyani

 

Niliporudi kutoka Unguja, baba mdogo hakuniuliza habari za bahari wala za arusi iliyonipeleka. Nilimkuta barazani kwake, hapa hapa Wamaza, Kabambare, mkoani Maniema. Akanitazama miguuni kwanza, kisha usoni. "Nimesikia uliingia nyumba ya Mabanyani." Nikasema ndiyo, baba. "Ulivua viatu?" Nikasema nilivua. "Basi," akasema, "mtu havui viatu bure." Akarudi kwenye tasbihi yake, kesi ikawa imekwisha.

Mimi sikubali. Leo nakata rufaa mbele yenu, wasikilizaji wa redio.

Kwanza, safari yenyewe. Arusi ilikuwa ya ndugu zetu. Mnajua Wamanyema tumetapakaa kwenye njia ile ya zamani yote: Ujiji, Tabora, Buyenzi kule Bujumbura, Dar es Salaam ambako Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema mpaka leo, na Unguja pia. Nilitoka hapa kwa pikipiki hadi Fizi na Baraka, mtumbwi wa mashine ukanivusha ziwa hadi Kigoma, kisha treni, kisha boti. Ni njia ile ile waliyopitishwa babu zetu na pembe za tembo mabegani. Mimi nilikuwa na begi, tena begi lenye magurudumu, na bado nililalamika njia nzima.

Arusi iliisha Jumapili usiku. Jumatatu sikuwa na kazi, nikaingia vichochoro vya Mji Mkongwe bila kuuliza njia, mpaka nikatokea mtaa wa Hurumzi. Kabla sijaona kitu nikasikia kengele. Haikuwa kama ya misheni ya Kasongo inayoita parokia nzima. Hii ilikuwa ndogo, ya haraka, kama mtu anayebisha hodi. Nikainua macho, nikaona mnara wenye nakshi umechomoza juu ya mapaa ya mabati. Kijana wa duka la vitenge akaniambia, "Hapo ni kwa Mabanyani, kwa Shiva." Jina lake kamili ni Shiv Shakti Mandir. Mandir ni hekalu. Shiva ni Mungu wao wa kuvunja na kuanzisha upya. Shakti ni nguvu zake, nazo ni za kike, ni mkewe. Mume na mke katika jina moja la nyumba.

Hapa lazima nifungue fundo moja, maana huku kwetu tunachanganya. Kila mwenye duka mwenye nywele laini tunamwita Muhindi. Askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Pakistan wakakaa Bukavu, wengi wao Waislamu, tuliwaita Wahindi. Waliotoka India wakakaa Goma, nao Wahindi. Unguja hawakubali uvivu huo. Ukisema Muhindi watakuuliza: yupi? Khoja na Bohora ni Waislamu. Mgoa ni Mkatoliki, ana padri wake na Krismasi yake. Banyani ndiye mwenye dini ya Kihindu, na ndiye yule wa methali: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Utotoni nilidhani Banyani ni aina ya mganga.

Mlangoni palikuwa na viatu vimepangwa, ndara za plastiki karibu na viatu vya ngozi vya mtu wa ofisi. Ndani kidogo alikaa bibi mmoja aliyevaa sari ya rangi ya manjano, anafunga mashada ya maua. Nikamwambia "jambo mama", kama tunavyosema huku. Akanitazama, hakujibu. Nikakumbuka niko wapi, nikasema, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu. Viatu hapo." Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na mimi ndiye mtu wa redio. Nikamwambia mimi ni Mwislamu, natoka Kongo, nimekuja kutazama tu, kama inaruhusiwa. "Macho hayana dini," akasema. "Ila simu weka mfukoni."

Kabla ya kuingia, watu wanagonga kengele inayoning'inia juu ya mlango. Mimi sikugonga. Niliona kengele ni ya mwenye haja na mwenye nyumba, na mimi nilikuwa mpita njia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wengi mnafikiri mle ndani pana mashetani na damu. Hakuna damu. Kuku hachinjwi hapo. Kilichopo katikati, katika mahekalu mengi ya Shiva, ni jiwe. Wanaliita lingamu. Ni jiwe laini, lisilo na uso wala mikono, limesimama kama mchi mfupi ndani ya kinu kipana chenye mdomo upande mmoja. Juu yake huning'inizwa chungu cha shaba chenye tundu dogo chini, na maji yanadondoka tone moja, unahesabu, tone jingine. Watu wanakuja na maziwa, wanamimina taratibu. Wanaweka majani ya mti uitwao bilva, ambayo huota matatu kwenye kikonyo kimoja. Maji na maziwa yanateremka kwenye ule mdomo na kutoka nje. Ni hivyo tu. Nilisimama nikaangalia matone yale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Mbele ya jiwe amelala fahali wa kuchongwa, Nandi, kipando cha Shiva, uso wake umeelekea kwa bwana wake. Kijana mmoja mwenye shati la kazi aliinama, akafunika sikio la fahali kwa kiganja, akanong'ona. Baadaye bibi alinieleza: haja yako unamwambia fahali, yeye ataifikisha. Nikawaza, tungekuwa na fahali wa namna hiyo Kabambare, wanasiasa wetu wangelala foleni.

Halafu nikakosea. Nilitaka kuona nyuma ya lile jiwe, nikaanza kuzunguka. Miguu ikafuata mazoea: nikaanzia upande wa kulia na kuliacha jiwe kushoto kwangu, kama mahujaji wanavyoizunguka Kaaba. Mtoto wa kike, labda miaka minane, akanishika shati. "Siyo huko, mjomba." Wahindu huzunguka kwa kuweka kitu kitakatifu mkono wa kulia. Nikageuka, nikaenda anakotaka yeye, nikafika kwenye ule mdomo wa maji, akanishika tena. "Unarudi." Kwa Shiva hawamalizi duara. Unakwenda mpaka maji yanapotokea, huyavuki, unarudi ulikotoka. Nimekwenda misikiti mingi, na kanisani kwa akina shangazi nimekaa mara nyingi, lakini sijawahi kuona ibada ambayo heshima yake ni kutofika mwisho.

Jumatatu, kumbe, ni siku ya Shiva. Ndiyo maana watu walikuwa wengi kiasi, ingawa wengi hapa ni neno la kupima. Baada ya mapinduzi ya 1964, Wahindi wengi waliondoka Unguja, na waliobaki hujuana kwa majina. Mara moja kwa mwaka, Februari au Machi, wana usiku wao mkubwa uitwao Mahashivaratri: wanafunga kula, wanakesha hadi alfajiri. Wakatoliki wa mkesha wa Pasaka na sisi wa usiku wa Ramadhani hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Ukutani palikuwa na picha. Shiva ana mwezi mwandamo nywelani, nyoka shingoni, mkuki wa ncha tatu, ngoma ndogo yenye kiuno chembamba, majivu mwili mzima, na koo la buluu. Majivu sikuyashangaa. Wazee wetu nao wamejipaka udongo mweupe siku za mambo mazito. Koo la buluu nikaliulizia, na bibi akaniambia habari yake huku vidole haviachi maua. Zamani miungu na mashetani waliisukasuka bahari kama maziwa, wakitafuta kinywaji cha uzima. Kabla ya uzima ikatoka sumu, sumu ya kuua viumbe vyote. Kila mmoja akarudi nyuma. Shiva akainywa. Hakuimeza, maana ingemuua. Hakuitema, maana ingeua ulimwengu. Akaishikilia kooni, na koo likageuka buluu mpaka leo.

Wasikilizaji, mimi kazi yangu ni maneno. Katika nchi ambayo habari moja ya uongo kuhusu kijiji jirani inaweza kuamsha mapanga kabla ya jogoo kuwika, nimewahi kushika mkononi karatasi yenye habari za namna hiyo, studio ikiwa wazi, taa nyekundu inawaka. Nilimwelewa yule mwenye koo la buluu haraka sana.

Lakini nilipoketi pale pembeni, kilichonishika zaidi ni sauti. Wazee watatu na mama mmoja walikuwa wanasoma kitu kwa pamoja, mstari baada ya mstari, bila kuvuta pumzi. Nikauliza, ni sala gani? Bibi akasema, "Si sala, ni majina." Shiva ana majina 1,008, na watu huyasoma yote. Mwenye kuhesabu ana ushanga wa mbegu 108, kama tasbihi yetu ya 99 au rozari ya shangazi. Majina 1,008 ya mmoja! Hapo ndipo moyo wangu ulipoondoka mle ndani ukarudi huku, kwa babu zetu ambao majina yao machache tu yaliandikwa.

Maana karibu na hekalu lile, mtaa ule ule, kuna jumba refu la kale, leo ni hoteli, linalotajwa kuwa lilikuwa la Taria Topan. Watu wa Kasongo, jina hilo linawahusu. Taria Topan alikuwa Khoja, Mwislamu wa Kiismailia, tajiri kuliko wengi Unguja, na ndiye aliyemkopesha bidhaa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyekuja kuketi Kasongo miaka ya 1870. Nyumba ya Tippu Tip yenyewe iko Shangani, mwendo wa miguu kutoka hapo; alifariki Unguja mwaka 1905. Nguo na ushanga vilitoka kwenye maghala ya mji ule, vikaja mpaka hapa, vikarudi vimekuwa pembe na watu. Hata Kiswahili hiki ninachowasemesha, Kingwana chetu, kilishuka na mizigo hiyo hiyo.

Na Mabanyani? Wao walishika mlango wa mwisho, forodha. Kuanzia miaka ya 1830 hadi miaka ya 1880, kasoro miaka michache ilipokuwa kwa Taria Topan, forodha ya Unguja iliendeshwa na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wahindu wa kabila la Bhatia kutoka Kutch. Walimlipa Sultani fedha maalumu kila mwaka, wao wakakusanya ushuru. Sikieni jina lenyewe: Shivji. Ni Shiva, na hiyo "ji" ya mwisho ni ya heshima, kama sisi tunavyosema "mzee". Kwa hiyo pembe nyingi zilizotoka Kabambare zikafika salama pwani, zilipita chini ya jina lile linalosomwa Hurumzi. Sehemu ya pembe hizo ilikwenda Marekani kuwa vibao vya piano. Nyingine nyingi zilikwenda Bombay, na huko zikakatwa bangili za maarusi wa Kutch na Gujarat, kwa sababu pembe ya Afrika Mashariki ni laini, haipasuki chini ya msumeno. Arusi za kule zilikuwa zinavutwa na mabega ya huku.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya Unguja. Hapana. Msimamizi wa forodha wa nyumba ile, Ladha Damji, mkono wake ulifika Kabambare kabisa. Mwaka 1869 Mzungu David Livingstone aliingia Kabambare, yeye akiandika Bambarre. Mwaka uliofuata alikwama pale miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Alikuwa anangoja watu na bidhaa kutoka Unguja. Februari 1871 wakafika watu kumi. Walikuwa watumwa wa Mabanyani, waliopatikana kwa njia ya Ladha Damji, na Livingstone akawalalamikia sana katika maandishi yake. Wakati huo ilikuwa imepita miaka kama kumi tangu balozi Mwingereza Rigby awalazimishe Wahindi wa Unguja kuwaacha huru watumwa wao, mwaka 1860. Karatasi za uhuru ziliandikwa, na bado mtumwa wa Banyani akatembea kwa miguu mpaka Kabambare.

Kwa hiyo sikutoka hekaluni nimelewa udi. Wale waliosali majina ya Mungu wao ni watu wa dini ile ile ya wakopeshaji wa zamani, kama mimi nilivyo wa dini ya Tippu Tip, na kama shangazi alivyo wa dini ya Wabelgiji walioiteka Kasongo Aprili 1893 wakatuletea mpira na kiboko. Tukianza kufunga milango kwa sababu ya wafanyabiashara, hakuna nyumba ya ibada itakayobaki wazi Maniema nzima.

Sasa narudi kwa baba mdogo. Hoja yake ya pili, aliyoitoa baada ya chai, ilikuwa sanamu. "Wanaabudu sanamu." Kwa heshima zote, baba, neno hilo nalijua. Ndilo walilotupiwa babu zetu. Sanamu za mababu wa Wabuyu, hapa hapa Kabambare, ziliitwa za kishenzi, na leo zimesimama kwenye vioo katika makumbusho ya Ulaya, watu wanalipa kuziona. Waliotufundisha kuzikataa walizibeba. Mimi tangu nijue habari hiyo, ulimi wangu ni mzito kulitamka neno "sanamu" juu ya mtu mwingine.

Akaniuliza, je, masheikh watasema nini? Nikamwambia aulize Maskati. Waarabu waliotuletea Uislamu asili yao ni Omani, na mjini Maskati kwenyewe kuna hekalu la Shiva, Motishwar, lililowekwa na wafanyabiashara Wahindi zaidi ya miaka mia iliyopita. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alisali hapo Februari 2018, nchini mwa Sultani Mwislamu, na adhana ikaendelea kama kawaida. Baba mdogo hakujibu. Alinyoosha kikombe, nikamwongezea chai.

Jambo moja nililificha, leo nalisema hewani. Nilipokuwa naondoka, bibi alinipa kipande cha sukari ya mawe kwenye jani. Hicho ni prasadi, chakula kilichokwisha kuwekwa mbele ya Mungu wao, na kila anayeingia anapewa. Nilikipokea kwa mkono wa kulia, nikashukuru. Kukila, dini yangu inanibana. Kukitupa mbele ya mzee aliyenikaribisha, malezi yangu yananibana zaidi. Nikakifunga kwenye leso, kikavuka bahari na ziwa, kikafika hapa. Shangazi, Mkatoliki wa ekaristi ya kila Jumapili, akakikuta wakati anafua nguo zangu, akakitia kwenye chai. Anasema ilikuwa sukari nzuri.

Na viatu vyangu? Nilipotoka jua lilikuwa limegeuka, limeangaza pale mlangoni. Viatu vya wote vilikuwa vimesogezwa kivulini, na vyangu pia, vimeelekezwa nje, tayari kuvaliwa. Sijui ni mkono wa nani. Baba mdogo, nilivua viatu kwa sababu nyumba ilikuwa ya watu.

Nimalizie na ombi, maana muda wa fundi wa mitambo umekwisha. Ladha Damji jina lake limeandikwa. Taria Topan na Jairam Shivji, yameandikwa. Wale watu kumi waliofika Kabambare Februari 1871, na maelfu waliobeba pembe kutoka Kasongo na Nyangwe hadi ziwani, nimetafuta majina yao nimeambulia machache mno. Lakini nyinyi mnayo. Katika ukoo wako kuna babu wa babu aliyekwenda pwani hakurudi, au aliyerudi na jina la Unguja. Njoo nalo studio, au mwandikie mtoto karatasi alete, jina lake, kijiji chake, na alivyobeba. Kuanzia Jumatatu ijayo, kabla ya taarifa ya habari ya jioni, nitayasoma.